Siku yangu wodini na wanafunzi: umemsikiliza mgonjwa, sasa nini kimebadilika?

Saa 12:30 asubuhi

Nafika wodini kabla ya wanafunzi kwa sababu moja: nimuwahi muuguzi wa zamu ya usiku kabla hajakabidhi. Yeye ndiye anayejua nani hakulala, nani alilia, nani anaficha vidonge chini ya mto. Mengi ya hayo hayafiki kwenye faili. Leo ananiambia kuhusu mzee wa kitanda cha dirishani, aliyelazwa kwa moyo kushindwa kusukuma damu vizuri. Usiku kucha kauliza ataruhusiwa lini. Ndani ya faili, kwa mwandiko wa mtu wa mara iliyopita, kuna sentensi fupi: "Mgonjwa hafuati matibabu."

Nimeshapata somo la leo.

Saa 1:15

Wanafunzi wa mwaka wa nne wanaingia, makoti yamenyooshwa, mifuko imetuna kwa vijitabu. Kila mmoja namkabidhi mgonjwa mmoja, na masharti ni yaleyale kila asubuhi. Faili lisubiri. Nenda ujitambulishe kwa jina, useme wazi kwamba wewe ni mwanafunzi, uombe ruhusa, na mgonjwa ajue akikataa hatapungukiwa na huduma. Vuta kiti ukae. Uliza swali moja tu lililo wazi, kisha unyamaze.

Kuna wanaoona kujitambulisha ni jambo dogo la kufundisha watu wazima. Mwaka 2013 Kate Granger, daktari wa wazee huko Uingereza aliyekuwa akiugua saratani, alilazwa akaona wengi wanaomhudumia hawamtajii hata majina yao. Akaanzisha kampeni ya kuwakumbusha wahudumu waanze na "Habari, jina langu ni…". Naye alikuwa daktari. Mgonjwa asiyejua lolote la hospitali je?

Ila kunyamaza ndiko kunakowatoa jasho. Mwaka 1984 Beckman na Frankel, watafiti wa Marekani, walichapisha uchunguzi wao wa mazungumzo ya daktari na mgonjwa: kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Mwanafunzi akiniambia hakuna muda wa kuwaacha watu waongee, namjibu kwa utafiti wa Basel, Uswisi, wa mwaka 2002. Huko madaktari waliombwa wasikatize. Wagonjwa walisema yao wakamaliza kwa wastani wa sekunde 92, na karibu wanane katika kila kumi hawakuvuka dakika mbili. Dakika mbili! Kutafuta faili lililopotea hutuchukua zaidi ya hapo.

Saa 3:00

Raundi. Mzee wa dirishani amepangiwa binti mmoja mpole, ambaye sauti yake huwa haifiki kitanda cha pili. Leo kasogea mpaka kwenye mto wa mgonjwa.

"Mzee, naomba niwaeleze madaktari yale tuliyozungumza. Nikikosea unisahihishe."

"Sema tu, mwanangu."

Anaeleza kupumua kwa shida, miguu kuvimba, vidonge vya kupunguza maji mwilini. Anafika kwenye dawa: "Mzee huwa anaruka dawa ya maji baadhi ya siku…" Hapo mzee anainua mkono.

"Siku za zamu. Zile za mapumziko nameza."

Mzee ni mlinzi. Anashika lindo peke yake tangu alfajiri hadi mchana, na hana wa kumpokea hata kwa dakika tano. Aliandikiwa furosemidi, ndiyo hiyo dawa ya maji, imezwe asubuhi. Dawa hiyo ikimezwa huanza kazi ndani ya saa moja hivi na kuendelea kwa saa sita hadi nane, na kazi yake yenyewe ni kumpeleka mtu chooni mara kwa mara. Mzee alipiga hesabu zake: ama dawa, ama kazi. Nasi tukaandika hafuati matibabu.

Namgeukia binti. "Umesikia. Sasa tunabadilisha nini?"

Kimya. Swali hili ndilo ninaloliamini kuliko yote katika mafunzo haya. Upole unafundishika kwa wiki moja, na mgonjwa anaweza kuondoka amefurahishwa sana huku akiwa na dawa ileile isiyomfaa. Ulichokisikia kama hakijagusa mpango wa matibabu, hapo umepiga soga tu.

Binti anapendekeza dozi ihamie mchana, zamu ikiisha. Mfamasia anakubali, mradi isisogee hadi jioni, mzee asije akakesha chooni. Tunaongeza jambo la mizani: ajipime kila asubuhi, na uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu arudi bila kungoja miadi.

Mzee anafurahi, halafu anaomba aruhusiwe leo. Hapo tunavutana. Nabonyeza mguu juu ya kifundo, kishimo kinabaki, namwonyesha. Bado anachomwa dawa ya mshipa. Kumbe anahofia nafasi yake itapewa mwingine. Nakataa kumruhusu, ila namwahidi barua kwa mwajiri wake kabla ya saa sita, na tunakubaliana kesho kutwa kama miguu itakuwa imenywea. Hakupenda. Wanafunzi nao walipaswa kuliona hilo, maana wengine hudhani kumweka mgonjwa mbele ni kuitikia kila anachotaka.

Saa 5:00

Damu, mikojo, simu za maabara, barua ya mzee. Hakuna la kusimulia.

Saa 6:30 mchana

Kijana mmoja anamwelekeza mama mwenye kisukari ambaye sukari yake inapanda na kushuka ovyo ingawa dozi ya insulini imeongezwa mara kwa mara. Anaeleza vizuri kweli, kwa mpangilio. Anamaliza: "Umeelewa, mama?"

"Ndiyo, daktari."

Sijawahi kuona mgonjwa akijibu hapana kwa swali hilo. Namnong'oneza alibadilishe. Anajaribu tena: "Mama, nataka nijue kama mimi nimeeleza vizuri. Hebu nionyeshe unavyojichoma ukiwa nyumbani."

Mama anafunua kidogo tumbo na kuweka kidole kando ya kitovu. "Hapa. Huwa nachoma hapahapa, hapaumi tena."

Kijana anaomba ruhusa, anapapasa. Kuna kinundu laini chenye ukubwa wa yai dogo. Mafuta hujijenga chini ya ngozi inayochomwa sindano sehemu moja kila siku. Maumivu hupungua, lakini insulini nayo huingia mwilini bila mpangilio. Dozi iliyokuwa ikiongezwa ilikuwa inaishia kwenye kinundu. Sasa ahame pale, abadilishe sehemu kila mara, na dozi tuipunguze kwanza kwa uangalifu, maana sehemu isiyo na kinundu itainyonya vizuri na sukari inaweza kushuka ghafla. Nimepita kitanda hicho wiki nzima. Kinundu hakikuwemo kwenye majibu ya maabara.

Saa 8:30

Chumba cha mazoezi, pamoja na mgonjwa wa kuigiza. Mtindo huu aliuanzisha Howard Barrows huko California mwaka 1963, na sijaona bora kuliko huu kwa kujifunza kutoa habari mbaya, maana hapa ukiboronga hakuna anayeumia. Tunafuata hatua sita za SPIKES, mwongozo wa kutoa habari za namna hiyo, zilizochapishwa mwaka 2000. Ninazozisisitiza zaidi ni mbili: kuuliza kwanza mgonjwa anajua nini tayari, na kuuliza anataka kujua kiasi gani.

Hatua zenyewe wanazikariri kama mashairi, na inasikika. Sentensi moja nimeipiga marufuku: "Naelewa unavyojisikia." Huelewi. Sema ulichokiona: "Naona habari hii imekuja ghafla." Kisha subiri.

Saa 10:30

Mrejesho. Hata wagonjwa nimewauliza, kila mmoja kwa faragha. Mzee anasema binti anauliza vizuri ila mikono yake ya baridi.

Napitia vitabu vya kumbukumbu vya wanafunzi. Mmoja kaandika: "Leo nimejifunza umuhimu wa huruma." Namrudishia na mstari mmoja mwekundu: kwa mgonjwa yupi, na dawa, kipimo au tarehe gani imebadilika?

Saa 11:40 jioni

Nikiwa mlangoni, binti ananiwahi na rasimu ya karatasi ya ruhusa ya mzee. Daktari wa intani kaijaza mapema, kwa mazoea: furosemidi, kidonge kimoja, asubuhi. Namwambia amrudishie daktari huyo na amweleze habari za lindo. Dakika kumi baadaye anarudi. Neno "asubuhi" limekatwa, kumesainiwa pembeni, na juu yake kumeandikwa: saa 8 mchana, baada ya zamu.