Kuyajua Magugu Kabla ya Kushika Jembe

Mwaka wa kwanza wa kutunza kipande changu cha ardhi, nilikuwa nimeigawa mimea yote katika makundi mawili: ile niliyoipanda, na ile niliyoiita majani. Majani yalifyekwa au kung'olewa, wala sikuona haja ya kujua yanaitwaje. Ndago ndiyo iliyonitia adabu.

Palikuwa na kona iliyofunikwa na kitu nilichodhani kuwa nyasi za kawaida. Niliilima kwa bidii, nikakatakata kila kilichokuwamo udongoni, na baada ya wiki chache kona ile ikawa na mimea mingi kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ndago, ambayo kwa jina la kitaalamu ni Cyperus rotundus, huunganisha viazi vyake vidogo chini ya ardhi kama shanga katika uzi, na maadamu uzi haujakatika, vingi kati ya viazi hivyo hubaki vimelala. Jembe likiukata, viazi vilivyokuwa vimelala huamka na kuchipua. Nilikuwa naipanda huku nikiamini kwamba naipalia.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba kuitambua ni kazi ya vidole viwili tu. Ukiliviringisha shina la ua la ndago kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, utahisi pembe tatu, ilhali shina la nyasi nyingi ni la mviringo na lina vifundo. Ukiutazama mmea kutoka juu, majani ya ndago hutoka katika safu tatu na ya nyasi katika safu mbili. Hakuna lenzi inayohitajika hapo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu lilitokana na kupendezwa. Kando ya njia uliota mmea wenye majani yaliyochanika kama ya karoti na vijiua vyeupe, nami nikauacha nikidhani ni jamaa wa karoti aliyetoroka bustanini. Kumbe lilikuwa gugu karoti, Parthenium hysterophorus, ambalo halina undugu wowote wa karibu na karoti. Maua ya karoti hukaa juu ya vijiti vinavyotoka mahali pamoja kama mbavu za mwavuli. Katika gugu karoti, kila doa jeupe unaloliona ni mkusanyiko wa maua mengi madogo, na kwa kawaida matano ya pembeni hujitokeza kama petali. Huo ndio mpangilio wa familia ya alizeti. Niliposhika lenzi inayokuza mara 10 na kulitazama doa moja, nilielewa kwa nini wataalamu husisitiza kwamba jani hudanganya na ua husema kweli.

Asili ya gugu hili ni nchi zinazozunguka Ghuba ya Mexico, na sehemu kubwa ya safari zake duniani limezifanya likiwa limejificha ndani ya nafaka zinazosafirishwa. Nchini India lilianza kuonekana likienea katika miaka ya 1950. Mmea mmoja mkubwa huweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Mifugo huliepuka, na wakilazimika kulila maziwa yao huwa machungu, ilhali watu wengi wanaolishika mara kwa mara hupata vipele na mwasho mkali.

Hapa inafaa kutofautisha maneno mawili ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiyachanganya. Gugu ni neno la mkulima: ni mmea wowote uliosimama mahali asipoutaka, hata kama ni mwenyeji wa eneo hilo tangu zamani. Mmea vamizi ni ule uliofika kutoka mbali, ukawakosa wadudu na magonjwa yaliyokuwa yakiudhibiti kwao, kisha ukaanza kuwasukuma wenyeji. Kiduha, kinachonyonya mizizi ya mahindi na mtama, ni gugu baya sana, lakini katika Afrika ni mwenyeji. Lantana camara yenye maua yanayobadilika rangi kadiri yanavyozeeka ilitoka Amerika ya kitropiki, ikapandwa sehemu nyingi kwa ajili ya uzuri wake, na sasa huziba malisho kwa vichaka visivyopenyeka.

Majina ya kienyeji husaidia, ila yana mipaka yake. Mbigili ni jina la Tribulus terrestris, wenye maua ya manjano na majani yaliyogawanyika katika vijani vingi vidogo. Ni jina pia la Oxygonum sinuatum, wenye majani yasiyogawanyika hivyo na maua madogo meupe au ya waridi. Kwa mguu usio na kiatu, nakiri, tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa anayetaka kusoma zaidi ina maana kubwa, na ndiyo sababu majina ya maneno mawili aliyoyaeneza Carl Linnaeus kuanzia mwaka 1753 bado yanatufaa.

Programu za simu za kutambua mimea naziona kuwa msaidizi mzuri na hakimu mbaya. Zikipewa ua lililo wazi hukisia vizuri, lakini zikipewa mche wenye majani manne huweza kutaja chochote kwa ujasiri uleule. Suala hilo si dogo, kwa kuwa mnavu unaoliwa na mnanaha wenye sumu katika sehemu zake zote ni wa familia moja. Vinapozaa havichanganyiki, kwani mnavu una vitunda laini vya mviringo na mnanaha una tunda lenye miiba. Vikiwa bado miche, mgeni anaweza kukosea. Kuonja si njia ya kutambua mmea, na katika hilo sina mjadala na mtu.

Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alizika chupa 20 zenye mchanga na mbegu huko Michigan, Marekani, ili zifukuliwe kwa zamu. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota. Nilipolisoma jambo hilo, nilifikiria vile vijiua vyeupe nilivyoviacha kando ya njia vikakomaa. Gugu karoti likipata unyevu na joto huweza kuchanua wiki nne hivi baada ya kuota, kwa hiyo siku hizi naipita njia ile kila baada ya wiki mbili, nikiwa nimevaa glavu na mikono mirefu, nikiling'oa pamoja na mzizi wake kabla weupe haujatokea.