Jumapili ile intaneti ilipokata Mikindani

Hii stori ninayo tangu Mei 2024 na kila nikitaka kuiandika nashikwa na aibu, maana humu ndani mimi sio mtu mzuri, ila basi leo acha niitoe.

Kwetu ni Mikindani, mkoani Mtwara. Mama bado yupo pale pale, sisi wanae tumetawanyika, mimi naishi Mtwara mjini, mdogo wangu yuko Lindi, kaka yuko Dar. Tunakutana Idi na siku za kubahatisha. Na tukikutana siku hizi inakuwa hivi, watu wazima tumekaa barazani tumeinamisha vichwa utadhani tunasoma hitima, kila mtu na simu yake, ndani TV inawaka haina mtazamaji, watoto wamebanana kwenye kona yenye soketi kwa sababu simu imebaki asilimia nne na hakuna anayekubali kuiachia. Mama anapita na sinia la chai anauliza "mnanisikia lakini?" Wote tunaitikia eeh mama. Hakuna aliyemsikia.

Halafu sisi sisi ndo wa kwanza kulalamika eti watoto wa siku hizi hawachezi, sisi enzi zetu ilikuwa kombolela mpaka magharibi, rede, kusukuma tairi, mpira wa makaratasi. Tunalalamika huku kidole kinapandisha TikTok.

Sasa mwezi ule Kusini tulipigwa mfululizo. Tarehe 4 kikaja kimbunga Hidaya, wa Kilwa na Lindi wanakumbuka mvua ile, barabara ya kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakalala njiani. Sisi tulikuwa na kikao cha familia Jumapili ya tarehe 12, kuchangishana hela ya paa la mama, kaka akasema jamani hiyo barabara siiamini, nitaingia kwa vidio. Sawa. Mimi nikanunua bando la kutosha kabisa kwa ajili yake.

Asubuhi ya Jumapili intaneti hola. Unatuma ujumbe WhatsApp, unaona kile kialama cha saa tu cha kusubiri. Nikajua bando limeisha nikanunua lingine, yaani elfu mbili yangu nyingine hiyo imeenda hivi hivi. Mdogo wangu akazima simu akawasha, akatoa laini akaifuta na kanga akarudisha. Shemeji ndo alitia huruma, ana mkeka wake wa kubeti na Arsenal jioni wanacheza na Manchester United, hawezi hata kuuangalia, akawa anatoka mpaka barabarani kutafuta mtandao anarudi, anatoka anarudi. Mama akamwambia mwanangu si ukae kwenye mkeka huu wa ukindu, huu haukatiki.

Na kumbuka ilikuwa Siku ya Mama. Mimi na mdogo wangu wote tulishaandaa picha ya mama na maneno matamu ya kuweka stata ya WhatsApp, na nusu saa nzima tunapambana picha ipande, na mama mwenyewe yupo hatua tatu kutoka tulipo, anapepeta mchele peke yake. Hapo ndo kwenye aibu yangu. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameshamwambia hata neno moja kati ya yale maneno.

Watoto je? Wa mwisho wa mdogo wangu, ana miaka sita, katuni ilimgandia katikati akalia kama dakika kumi hivi. Kaka yake mkubwa alikuwa na gemu lisilotaka intaneti, akajitenga nalo kama bwanyenye mpaka chaji ikamwishia. Mama akaingia ndani akatoka na debe lenye korosho alizobakiza msimu uliopita, zile zenye maganda huwa anabangua kidogo kidogo, akawaita wajukuu, akachora mstari kwenye mchanga.

Kama umekulia Kusini huu mchezo unaujua. Kila mtu anasimamisha korosho zake mbili kwenye mstari, mnarudi nyuma hatua kadhaa, halafu unarusha korosho yako kubwa ya kupigia, utakazoangusha ni zako. Inaonekana rahisi hivo ila korosho ina umbo la figo, haiendi unakotaka, inabidi uizoee mkononi, uizungushe kidogo na vidole viwili. Mama aliwaonyesha mara moja tu akaangusha nne. Akawaonya wasizitie mdomoni, maana mafuta ya ganda yanaunguza kweli, mimi nilishatembea wiki nzima na mdomo umevimba nikiwa darasa la pili.

Haikupita saa moja pale uani pamechangamka, kuna mabishano ya mstari, kuna aliyeiba hatua, kuna madeni, watoto wa jirani wameingia na korosho zao mfukoni. Na barazani sisi wakubwa bado tunanyanyua simu juu kama tunaomba mvua.

Jioni redio ikaeleza kwamba ni mikongo ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, imekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, ndo maana nchi kadhaa za huku kwetu hazina mtandao. Mama akasema basi papa kaing'ata.

Kaka alipiga simu ya kawaida. Tukaweka spika, simu tukaiweka katikati ya mkeka, na kwa kuwa hatumuoni ikabidi tumsikilize. Hela ya paa ilipatikana kwa dakika ishirini, vikao vya vidio huwa vinachukua masaa mawili na nusu yake ni "nageuza kamera, mnaniona?"

Mimi sio adui wa simu msinielewe vibaya, mama aliwaona wajukuu wa Dar kwa vidio kabla hajawashika. Ila wangu nilimzoesha mwenyewe, kula uji mpaka awekewe katuni, alikuwa hajafika hata miaka miwili. Baadae nikaja kusoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019, unasema wa mwaka mmoja asikalishwe kwenye skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Nilicheka kwa uchungu, kwangu saa moja ilikuwa kifungua kinywa. Kwa hiyo nikisikia mtu mzima analaumu watoto nanyamaza, najua simu waliipokea kutoka mkono wa nani.

Intaneti ilirudi taratibu siku zilizofuata, stata yangu ya Siku ya Mama ikapanda Jumanne. Arsenal walishinda 1-0 na shemeji bado mkeka ulichanika. Mimi nilijiunga na watoto saa kumi, nikaliwa korosho kumi na saba na yule wa miaka sita, akaondoka nazo Lindi kwenye soksi, na mpaka leo akija ananiuliza kama nina nyingine.