Karo la majitaka la nyumba ya Kigamboni

Mnaojenga Kigamboni upande wa baharini mtanielewa. Mtaani kwetu hakuna bomba la majitaka, na ukichimba usawa wa kifua tu, maji hayo. Shimo la kunywea, lile linaloachia majitaka yanywee ardhini, litanywesha wapi? Na kisima cha jirani kiko palepale. Tukakubaliana karo liwe la kuziba kabisa, likijaa tunaita gari la kunyonya majitaka.

Fundi aling'ang'ania tenki la plastiki, eti siku moja kazi imeisha. Nikagoma. Masika yaliyopita, mtaa wa pili, tenki la mtu lilichomoka ardhini na bomba likakatika, maana lilikuwa limetoka kunyonywa. Tenki la lita 5,000 likiwa tupu, maji yakilizunguka lote yanalisukuma juu kwa nguvu ya karibu tani 5. Usipolifunga kwenye zege, litaibuka tu. Sisi tumemwaga zege lenye nondo, sakafu nene, na plasta ya ndani yenye dawa ya kuzuia maji.

Ukubwa ndio uliotuletea ubishi na mama watoto, yeye alitaka dogo. Nikamwambia tupige hesabu: watu 6, kila mmoja lita 80 kwa siku, jumla 480. Karo la lita 10,000 halimalizi hata mwezi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema maji ya kufulia yaende kwenye migomba. Hapo kanishinda, nakiri.

Tumeliweka karibu na geti. Wenye magari ya majitaka hawapendi kuburuta mpira hadi uani, na wakikubali utalipia.