Hariri za vyuo ndani ya pakiti za sigara: safari ya New York hadi Durham

Kwenye chumba cha kusomea cha idara ya michoro katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, huingii tu kama dukani. Unaomba miadi mapema, begi linabaki nje, kalamu ya wino hairuhusiwi. Kisha unaletewa albamu, na unafunua ukurasa kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimeomba kuona kadi za Murad. Murad ilikuwa sigara ya tumbaku ya Kituruki, na kati ya 1909 na 1911 pakiti zake zilitoka na kadi za vyuo vya Marekani: 150 kwa jumla, mafungu sita ya kadi 25. Kila kadi ina chuo chake, rangi zake, nembo yake na mwanamichezo mmoja aliyechorwa. Wapo wa mpira wa Kimarekani, wa besiboli, wa makasia. Williams College wamepewa mchezaji wa mpira wa kikapu, mchezo ambao wakati huo haukuwa umefikisha hata miaka 20 tangu ubuniwe. Vijana wote hao hawana majina. Kinachotajwa ni chuo tu.

Albamu hizo zimo kwenye mkusanyiko wa Jefferson Burdick, na mtu yeyote anayeokota vitu hivi ana deni kwake. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme kule Syracuse, si tajiri, na baridi yabisi ilikuwa imemkunja viungo. Kuanzia 1947 alianza kulikabidhi jumba hilo vitu vyake, zaidi ya 300,000, na miaka yake ya mwisho akaketi humohumo akibandika kadi moja moja kwenye albamu. Alimaliza Januari 1963, akafariki Machi mwaka huohuo. Herufi ambazo wakusanyaji wote wanazitumia hadi leo ni zake: N ni tumbaku ya karne ya 19, T ni ya karne ya 20, S ni vitambaa vya hariri vilivyotiwa ndani ya pakiti. Ukisikia watu wanataja T206, lile fungu lenye kadi ya mchezaji besiboli Honus Wagner iliyouzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022, wanazungumza lugha ya Burdick. Kadi za Murad ni T51. Bei ya Wagner hainihusu wala hainisisimui. Mimi natafuta vyuo.

Sababu yake ni nyumbani. Nimezaliwa Urambo, Tabora, kwenye tumbaku. Baada ya ule mpango wa karanga wa Waingereza kuanguka, ardhi ileile iliyofyekwa ikapandwa tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto, na wazee wetu wakaishi kwayo. Karo yangu tangu sekondari hadi chuo ilitoka kwenye marobota. Siku nilipoona kwa mara ya kwanza kitambaa cha hariri chenye nembo ya chuo kikuu, kilichotoka ndani ya pakiti ya sigara, nilihisi mtu ameichukua habari ya ukoo wetu akaichapa kwenye kipande cha nguo.

Kesho yake alfajiri nilipanda treni ya Carolinian. Inaondoka New York, inapita Washington, inashuka Virginia, inaingia North Carolina, na mpaka ufike Durham siku imekwisha. Richmond inapitwa mchana, nami niliitazama kwa hamu kupitia dirishani, maana ndiko walikokuwa watengeneza sigara Allen & Ginter, waliotoa kadi za mabingwa wa michezo mwaka 1887. Kampuni ya Mayo nayo ilikuwa ya hapohapo Richmond, na mwaka 1894 ilitoa kadi 35 za wachezaji wa Harvard, Yale na Princeton. Mmoja wao, John Dunlop wa Harvard, kadi yake ilichapwa bila jina, na leo hiyo ndiyo inayowindwa kuliko zote.

Baada ya Rocky Mount nikaanza kuona mashamba. Ulikuwa mwezi wa Julai na tumbaku ilikuwa imesimama, majani ya chini yameshachumwa, ya juu bado kijani. Treni ikasimama Wilson, mji uliowahi kuwa miongoni mwa masoko makubwa ya tumbaku duniani. Abiria mwenzangu aliniuliza kwa nini nimebandika uso kwenye kioo. Nikamwambia naangalia kama wamekata vikonyo vya maua vizuri. Walikuwa wamekata vizuri.

Stesheni ya Durham yenyewe ni ghala la zamani la tumbaku. Ukitoka nje, mbele yako kuna bomba refu la moshi lililoandikwa Lucky Strike, limebaki kwenye kiwanda cha American Tobacco kilichofungwa 1987 na kufunguliwa tena 2004 kikiwa maofisi na mikahawa. Mji mzima ni wa matofali mekundu yaliyoletwa na tumbaku.

Asubuhi nilianzia chuoni. Pale kwenye kampasi ya mashariki ya Duke University kuna sanamu ya Washington Duke, mzee kakaa kwenye kiti. Alirudi toka vitani mwaka 1865 akaanza kusaga tumbaku shambani na wanawe. Mwanawe James ndiye aliyeingiza mashine za Bonsack, zilizokunja sigara kama 200 kwa dakika wakati mkunjaji hodari wa mkono alifikisha nne hivi. Sigara zikawa nyingi kuliko wavutaji, na hapo ndipo kadi na vitambaa vilipopata kazi. Kadi ilianza kama kigumu cha kuzuia pakiti laini isibonyee. Ikageuka kuwa chambo. Ukipata nembo ya Yale leo, utanunua tena kesho ukitafuta Princeton. Mwaka 1890 James aliunganisha wapinzani wake wakubwa wakawa American Tobacco Company, na mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuru ivunjwe. Mwaka 1924 aliweka wakfu wa dola milioni 40, na chuo kidogo kilichoitwa Trinity kikawa Duke University.

Nilikaa muda mrefu mbele ya mzee yule. Mwaka 1896 aliwapa Trinity dola 100,000 kwa sharti kwamba wanawake wapokelewe sawa na wanaume, na hilo ni jambo kubwa ambalo sitalipunguza. Lakini watu Weusi, waliochambua na kubeba tumbaku kwenye maghala ya mji huu, hawakupokelewa Duke mpaka 1961 kwa masomo ya juu, na 1963 kwa shahada ya kwanza. Upande wa pili wa mji huohuo James E. Shepard alifungua mwaka 1910 chuo chao wenyewe, ambacho leo ni North Carolina Central University. Mwaka 1910! Ni miaka ileile vitambaa vya vyuo vilipokuwa vikimwagika kutoka kwenye pakiti. Katika vyote vilivyopita mikononi mwangu sijapata hata kimoja chenye nembo ya chuo cha watu Weusi.

Mchana nilikwenda Duke Homestead, shamba lenyewe, kaskazini ya mji. Kiingilio bure. Nyumba ni ya 1852, nyeupe, ya mbao, na nyuma yake kuna bani, kibanda cha kukaushia tumbaku. Nilipoingia ndani sikuhitaji maelezo ya mtu. Fito zimepangwa juu kwa ngazi, mahali pa moto pako chini, magogo yamezibwa kwa udongo ili joto lisitoroke. Nilikuwa tena na miaka kumi na mbili, zamu yangu ya kuchochea, mzee wetu akinionya: kwanza majani yawe ya njano, ndipo upandishe moto ukaushe jani, mwisho ukaushe kikonyo, ukiharakisha, daraja la ubora limekwenda.

Inasimuliwa kwamba rangi ile ya njano ya dhahabu ilianzia kaunti ya Caswell, si mbali na Durham, mwaka 1839. Stephen, mtumwa kwenye shamba la Abisha Slade, alipitiwa na usingizi, moto ukafifia, akaufufua kwa makaa, na lile joto kali la ghafla likaligeuza jani njano. Jani hilo ndilo lililojenga viwanda, na viwanda vikajenga chuo. Jani hilohilo ndilo lililofika Urambo. Nilitamani Stephen naye awe na sanamu, na iwe na kiti.

Duka nililokuwa nimeambiwa liko nje ya mji, vitu vya kale vimejaa hadi darini. Mwenye duka alinitolea sanduku la biskuti. Ndani mlikuwa na bendera ndogo za pembetatu za felti, vipande vya ngozi vilivyopigwa nembo, na chini kabisa mto usio na pamba, yaani foronya iliyoshonwa yote kwa hariri za sigara.

Niliipeleka mlangoni penye mwanga. Kila kipande kilikuwa na ukubwa unaozidi kidogo pakiti ya sigara: nembo ya chuo katikati, jina chini yake, na pembeni kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa macho, jina la sigara. Aliyeshona alikuwa amekunja pindo ili jina hilo lisionekane. Alikosea kwenye kipande kimoja tu cha pembeni. Bluu ya Yale ilikuwa imepauka, nyekundu ya Cornell bado ilikuwa hai. Kati ya kipande na kipande amepitisha mshono wa uzi wa njano, mfano wa nyayo za kuku, umenyooka kana kwamba umepigiwa rula. Kampuni zilijua kabisa zinachofanya: kadi kwa mwanamume na mtoto, kitambaa kwa mke nyumbani, ili naye amhimize mumewe asibadilishe sigara. Wakati huo waliofika chuo Marekani walikuwa wachache mno. Huyu mama huenda hakuwahi kuona geti la hata kimoja, na hapa aliviweka vyote sebuleni kwake, akaficha sigara.

Mwenye duka alisema anaweza kunifumulia Yale na Princeton nichukue hizo tu, nitalipa kidogo. Wengi hufanya hivyo. Kipande kimoja kimoja huuzika haraka. Nilikataa, nikanunua foronya nzima kwa bei iliyonifuta posho yote ya safari. Kufumua kazi ile ni kuiharibu, na mkusanyaji anayefanya hivyo anabaki na nembo ambazo angezipata popote.

Usiku nililala Raleigh kwa mama mmoja wa Tabora, fundi cherehani, jirani yetu wa zamani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hebu leta hicho ulichohangaikia.”

Aliikunjua juu ya meza, akaigusa kwa mgongo wa kidole, akanyamaza. Kisha akaonyesha nyufa nyembamba kwenye vipande viwili. Nikamweleza kwamba hariri ya zama zile ilitiwa chumvi za madini ili iwe nzito na ionekane ya bei, na chumvi hizo ndizo zinazoipasua sasa.

“Nitaziba,” akasema.

“Hapana mama. Ukipitisha sindano kwenye hariri, itachanika zaidi.”

“Kwa hiyo tuiache ife?”

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana: atakata shuka jeupe la pamba, lililofuliwa bila dawa ya kung'arisha, aweke foronya juu yake, na ashone pembezoni tu, kwenye kitambaa cha nyuma ambacho si hariri. Isikunjwe, isitundikwe, isipigwe na jua.

“Na hili jina la sigara lililochungulia hapa pembeni?” akauliza. “Nilifunike?”

Nikamwambia aliache.

Alimaliza kabla ya saa nne usiku, akanitafutia na karatasi ngumu mbili za kuibana. Treni ya kurudi hupita Raleigh asubuhi, nami nilitaka kuwahi kiti cha upande wa dirisha.