Siku yangu moja Kasapa, nikisomea historia

Saa 11 alfajiri. Juni hapa Lubumbashi ni baridi kweli, mji wetu uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi upepo wa alfajiri unapita hata kwenye blanketi mbili. Yaya, ndugu yangu mkubwa, anawasha makala, yaani makaa. Mimi nachaji simu mapema kabla umeme haujakatika, maana simu hiyo ndiyo inayonisaidia kurekodi sauti, na jioni nina miadi na mama mmoja mzee wa Kenya. Kenya ninayoitaja ni komine, yaani sehemu ya mji wetu, si nchi. Nakunywa chai na mkate, natoka.

Saa 12 na nusu niko kwenye basi kutoka Katuba kwenda mjini, halafu jingine la Kasapa, iliko kampasi ya chuo kikuu chetu. Njiani bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, linaonekana, na pembeni yake kile kilima cheusi cha mabaki ya madini. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapo mwaka 1911, wakati mji wenyewe ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Babu zetu wengi waliletwa hapa kwa ajili ya tanuru hiyo, kutoka Kasai, kutoka Rwanda, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Ndiyo maana Kiswahili kikawa lugha ya kila ua, ingawa si lugha ya kabila lolote la hapa.

Saa 2 somo linaanza. Ukichelewa kidogo, oditwari, ukumbi wa mihadhara, imejaa na unaandika ukiwa umesimama ukutani. Leo profesa anafundisha jinsi ya kuhakiki vyanzo, na kwangu hili ndilo somo lenye uzito kuliko yote. Chuo chetu kiliundwa mwaka 1955 na kikafunguliwa 1956 kama chuo kikuu rasmi cha Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilikiunganisha na vyuo vikuu vya Kinshasa na Kisangani kikawa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, na kitivo cha fasihi na lugha kikawekwa huku kwetu. Kwa miaka kumi, mpaka vyuo vilipotenganishwa tena mwaka 1981, aliyetaka kusomea mambo hayo nchini alikuja Lubumbashi. Mwanafalsafa na mwandishi V. Y. Mudimbe alifundisha hapa wakati huo, kabla ya kuhamia Marekani, ambako alifariki mwaka 2025. Alizaliwa Likasi tarehe 8 Desemba 1941. Tarehe hiyo siwezi kuisahau, kwa sababu kesho yake ndiyo siku ninayoiandikia memwari yangu, yaani tasnifu ya kumalizia masomo.

Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini iliyokuwapo kabla ya Gécamines, waliogoma walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati ule. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, shaba ya Katanga ilitakiwa kwa wingi, na mshahara ulikuwa palepale. Gavana Amour Maron alikuja na askari. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa, kisha umati ukapigwa risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo.

Saa 4 na nusu natoka darasani na kupita mbele ya mabweni. Mwezi uliopita, kama kila Mei, wengi wetu tuliongea kuhusu usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha walipoingia humu na kuwashambulia wanafunzi. Serikali ilikubali kifo cha mtu mmoja. Walionusurika wanasema ni zaidi. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na nchi. Nikiangalia madirisha yale naona kazi ileile inatusubiri: wafu ambao karatasi zimewahesabu haraka, na watu wenye kukumbuka ambao hawajaulizwa vya kutosha.

Saa 5, ofisi ya asistenti anayeniongoza. Hapa nimekaa muda mrefu. Amesoma sura yangu ya pili na anataka maneno yote ya Kiswahili yahamie kwenye viambatisho, ndani ya matini yabaki Kifaransa peke yake. Nimemjibu kwa heshima, lakini sikurudi nyuma. Nimemkumbusha kwamba mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa hapa. Nimemkumbusha mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyemchorea na kumsimulia Johannes Fabian, mwalimu wa chuo hiki miaka ya 1970, historia nzima ya Zaire kwa picha 101, na masimulizi yake yalikuwa Kiswahili. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wamekusanya kumbukumbu za wakazi wa Lubumbashi kwa miaka mingi. Tunafuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Kama chanzo changu kimesema kwa Kiswahili, msomaji akione kwa macho yake kabla sijakifasiri, aweze kunikosoa.

Alinyamaza, akafungua ukurasa, akasema: "Basi, weka safu mbili. Kiswahili kushoto, Kifaransa kulia. Lakini utetee chaguo hilo kwenye utangulizi."

"Nitatetea, Asistenti."

Saa 7 ni bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), na samaki wadogo wa kukaanga tuliochangia watatu. Kisha fotokopi ya silabi, yaani maandishi ya somo, foleni ndefu, hakuna la kusimulia.

Saa 10 jioni nafika Kenya, nyuma ya soko. Mama ninayemtembelea alizaliwa baada ya vita. Baba yake alikuwa uwanjani siku ile na alirudi mzima. Hatuanzi na risasi. Ananiuliza kwanza kama nimekula, mama yangu ni mtu wa wapi, kama baridi haijanitesa. Nimejifunza kutoharakisha sehemu hii. Mtu anapokupa kumbukumbu ya wazazi wake, ana haki ya kujua anampa nani. Ndipo anaendelea na yale aliyoyasikia kwa mama yake:

"Basoda balikuya na bunduki. Ba mama balifunga batoto mu nyumba. Bunga ilikuwa kidogo, lakini mwenye kuwa nayo alikuwa anagawanya na mwenye hana."

Namwomba arudie habari ya bunga, yaani unga, na anarudia kwa utulivu uleule. Katika maandishi niliyosoma mpaka sasa kuna mishahara, kuna gavana, kuna wanaume waliosimama uwanjani. Kambini kulikuwa na wanawake waliobaki na watoto na sufuria, bila kujua nani atarudi, na mgomo uliwezekana kwa sababu walikubali kupika kidogo na kugawana. Kwa maoni yangu hawa ni wagomaji kama waume zao, na hivyo ndivyo nitakavyoandika.

Giza linaingia mapema. Manseba, mjomba wangu, ananirudisha Katuba kwa pikipiki.

Saa 2 usiku hadi saa 5 naandika rekodi neno kwa neno, pamoja na kimya na kikohozi. Dakika kumi za sauti zinakula saa nzima. Safu ya Kiswahili imejaa. Ya Kifaransa nimeiacha wazi pale kwenye ugawaji wa bunga, kwani sijajua kama waligawana majirani wa mstari mmoja wa nyumba au watu wa asili moja, na tofauti hiyo inabadilisha hoja nzima. Alhamisi nitarudi kumuuliza, na nitamwomba majina ya wale ba mama, anayoyakumbuka.