Chumvi kwenye chupa ya soda

Dalali alizamisha mkono kwenye gunia langu la mahindi mpaka kiwikoni, akautoa, akanusa vidole. Akaenda gunia la pili, akaenda la tatu. Ndipo akaniuliza, "Mzee wangu, haya uliyavuna jana?"

Nilikuwa nimeyavuna wiki mbili kabla. Magunia saba, jasho la msimu mzima, na nauli ya bodaboda kuyafikisha Busia mjini, mpakani mwa Uganda na Kenya, nilikuwa nimekopa. Bei aliyonitajia ilikuwa ya kunifukuza. Nikauza manne kwa sababu watu wa palizi walikuwa wananidai, matatu nikarudi nayo nyumbani nimenuna, nikiamini yule bwana ana hila tu. Hiyo ilikuwa Januari 2021.

Mwezi Februari mke wangu akatia mkono kwenye gunia mojawapo achukue mahindi ya kusaga. Akaniita. Katikati ya gunia kulikuwa na joto kama la uji uliopoa nusu, na punje zimeshikana mabonge yenye ukungu wa kijani. Nikasema basi tuwape kuku. "Baba watoto," akanijibu, "mayai ya kuku hao atakula nani?" Tukachimba shimo nyuma ya migomba, tukafukia magunia mawili mazima na nusu ya la tatu. Sijawahi kuzika mali namna ile.

Wiki chache baadaye, Machi, Kenya ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu. Malori yakajipanga. Kizuizi kiliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumu haizidi kiwango kinachoruhusiwa. Sisi wa mpakani tulilalamika sana, na mimi nililalamika kwa sauti kubwa kuliko wengi, ila moyoni nilikuwa nakumbuka shimo la nyuma ya migomba. Sumu ile haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Ukungu ukishaingia, hata ukianika upya na kupeta, sumu imebaki humo humo.

Aliyenionyesha njia ya kujua kama mahindi yamekauka vya kutosha yasishike ukungu ni shemeji yangu, aliyewahi kubeba magunia kwenye ghala moja Mbale. Hakuja na mashine. Alitaka chupa ya soda ya kioo, safi na kavu, na chumvi. Unatia punje za mahindi mpaka theluthi ya chupa, unaongeza kijiko cha chumvi, unaziba, unatikisa kwa dakika chache, kisha unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Ikishuka yote chini na kioo kikabaki safi, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Wanunuzi wanataka asilimia 13 na nusu, kwa hiyo baada ya chupa kusema ndiyo, mimi huongeza siku mbili za jua kali.

Mara ya kwanza kuijaribu peke yangu nilikaribia kuitupa. Nilianika siku nne, chumvi ikaganda. Siku ya sita, ikaganda. Ya nane, vilevile, na punje ukiziuma zinalia ka! kama kokoto. Kumbe tatizo lilikuwa chumvi yenyewe: ilikaa kwenye bakuli wazi jikoni, karibu na chungu cha maji, imenyonya unyevu. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Sasa chumvi ya kupimia tunaikausha kwanza kwenye sufuria juu ya makaa.

Lakini chupa ilikuwa sehemu rahisi. Mavuno ya Julai na Agosti kwetu hukutana na mvua za msimu wa pili, na mvua hiyo hupenda kuja alasiri. Zamani tulianika kwenye udongo wa kando ya barabara. Sasa tuna maturubai mawili, yaliyonunuliwa kwa misimu miwili tofauti, na mtoto mmoja hukaa zamu ya kutazama mawingu. Akipiga kelele, kila mtu huacha alichoshika: tunakunja turubai pande nne na kukokota. Siku moja sote tulikuwa msibani. Mbuzi walianza kula, mvua ikamalizia.

Na kuna kungoja. Hapo ndipo wengi wetu huanguka, wala si kwa ujinga. Mahindi yakishaonekana uani, kila anayekudai anajua una pesa, na mnunuzi wa pikipiki anapita mlangoni akitaka yakiwa mabichi hivyo hivyo, anakulipa papo hapo. Ada ya muhula wa tatu nayo inakuja Septemba, haijali jua wala mvua. Mwaka wa kwanza tuliuza mbuzi wawili ili mahindi yapate wiki tatu za kukauka. Mke wangu hakufurahi. Mmoja alikuwa na mimba. Siku hizi tunapanda viazi vitamu mapema kwenye kipande cha bondeni, vinatoka kabla ya mahindi, na hela yake ndogo ndogo inatutoa kwenye kona hiyo. Si kila mwaka. Kuna msimu viwavijeshi walituachia magunia manne tu, na hayo hatukuuza hata kilo.

Yule dalali bado nauziana naye. Bado anazamisha mkono mpaka kiwikoni, siku hizi ananung'unikia uzito wa gunia badala ya harufu. Chupa nayo imekuwa ya kijiji. Jirani aliiazima Jumapili, leo Alhamisi, na mahindi yangu yako kwenye turubai yanamngoja airudishe.