Enka ya kushoto na timu mpya: nilivyojifunza mfumo wao wa kushambulia nikiwa nje

Nilihamia Dar kikazi nikapata timu ya frisbee, yani altimeti yenyewe, saba kwa saba, siyo kurushiana tu ufukweni, na kabla sijawashika watu hata majina nikaruka kudaka, nikatua juu ya kiatu cha mtu, enka (kifundo cha mguu) ya kushoto ikateguka. Ligamenti ya nje ndo iliumia, bahati haikukatika.

Fizio, yani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, hakutaka nilale tu. Uvimbe ulivyopungua tu akaanza kunisimamisha mguu mmoja, napiga mswaki nimesimamia mguu mbovu, baadae nimefumba macho, kunyanyua visigino kwenye ngazi, kuvuta raba na unyayo kwenda nje. Shangazi yeye alitaka maji ya moto na kukandwa tangu usiku ule ule, na kumkatalia shangazi ni kazi kuliko mazoezi yote ya fizio.

Kilichoniumiza kichwa zaidi ni mfumo. Nilikotoka tulicheza staki (mpangilio wa washambuliaji) ya wima, watu mstari mmoja katikati, wa nyuma anachomoka upande ulio wazi, asipopewa anarudi mstarini. Hawa wanacheza ya ulalo: hendla (warushaji wakuu) watatu nyuma, wakataji (wanaokimbia kupokea) wanne wametandazwa mbele upana wote wa uwanja, mita 37, na hakuna cha kusubiri zamu. Wawili wakishuka kuifuata disiki (frisbee yenyewe) wengine wanapanda juu, ukikimbilia ambako mwenzako ameshaanza kwenda mnawaleta mabeki wawili sehemu moja na hendla anabaki nayo mkononi huku anahesabiwa sekunde, ikifika kumi imeenda kwa wapinzani.

Kapteni akaniambia, "kaka we njoo tu, hata kwa magongo." Nikaenda. Ukikaa pembeni ya uwanja staki ya ulalo huielewi, unaona watu wamerundikana tu, so nikahamia nyuma ya mstari wa goli, nyuma ya hendla wetu, hapo ndo upana wote unaonekana. Halafu nikajikataza kuangalia disiki. Namchagua mtu mmoja anayecheza namba nitakayocheza, namfuata pointi nzima, hasa pale AMBAPO hakupewa: anatokea wapi, anaondoka haraka kiasi gani, nani anaingia nafasi aliyoiacha. Kudaka kila mtu anajua, ila kwenye mfumo huu kuondoka ndo kazi yenyewe. Nikirudi nyumbani napanga vifuniko vya soda mezani, nampigia kapteni simu kumuuliza ujinga wangu, na dada wa watu alikuwa anajibu yote.

Kurusha ndo kulikuwa na mtihani wake. Natumia mkono wa kulia, kwa hiyo mguu wa kushoto ndo unabaki chini, bekihendi (kurusha kwa kupitisha mkono mbele ya mwili) unazungukia huku, fohendi (kurusha upande wa mkono wenyewe) unapiga hatua kule, mzigo wote juu ya enka ile ile mbovu. Nikaanza nimekaa kwenye kiti, fohendi za kiganja tu, disiki ya gramu 175 ukiikosea kiganja haikusamehi inayumba hapo hapo. Baadae nimesimama bila kuzunguka, halafu kuzunguka polepole, na fizio akasema hilo nalo ni zoezi la balansi, tukaliingiza kwenye ratiba.

Kurudi, wengi walinishauri nianze kama hendla eti wanakimbia kidogo. Mi sikubaliani. Hendla anakimbia kidogo ndio, ila anageuka ghafla mno, na mbio za kunyooka zinaruhusiwa kabla ya kukata kona. Nikaomba mkataji wa pembeni, kazi yangu kupanda juu moja kwa moja nimvute beki, disiki ije isije. Kukata kona kulisubiri mpaka niweze kuruka kwa mguu mmoja umbali sawa na ule mzima.

Sasa hivi nacheza pointi karibu zote, na kishikizo cha enka ndani ya kiatu. Jumapili wenzangu wakienda mchangani mi nabaki, mchanga fizio bado hajaruhusu.